BARIDI YA KIPUPWE: TUJIKINGE, TUSIJIANGAMIZE



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni dogo, nalo ni baridi.

Sisi tunaoishi Njombe hatuhitaji kuelezwa baridi ni nini. Mji wetu uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Makete wako juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa limehamia kaskazini ya Ikweta, na upepo wa kusi, ambao watu wa Pwani huufurahia kwa kuwapunguzia joto, huku kwetu huja na ukungu na manyunyu. Usiku mawingu yakitawanyika ndipo baridi hukaza, na asubuhi tukaikuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi. Mwanafunzi anayekuja madrasa baada ya Sala ya Alfajiri hupita katika umande huo, na akifika viatu vimelowa na kanzu imelowa mpaka magotini.

Katika kuikabili baridi hii tumeona makosa mawili. La kwanza ni la wale wanaoidharau, wakidhani kwamba kutetemeka ni sehemu ya kutafuta elimu. La pili ni la wale wanaoiogopa kiasi cha kuingiza moto chumbani wakalala nao. Rai yetu ni kwamba makosa yote mawili yanatokana na kutoijua dini yetu vizuri, na kutojua namna mwili unavyopata joto.

TUKIO LA MWAKA JANA

Mwezi wa Julai mwaka jana, ndugu wawili wanaosoma nasi hawakufika darasani asubuhi. Tulidhani wamezidiwa na usingizi. Baadaye tukapata habari kwamba usiku ule, baada ya chakula, jiko la mkaa liliingizwa katika chumba walimolala watoto na mama yao. Moshi ulikuwa umekwisha, mkaa umekolea vizuri na kuwa mwekundu, basi wakaona hakuna hatari. Mlango ukafungwa, na tambara likazibwa chini yake ili upepo usipenye.

Kilichowaokoa, baada ya Allah (S.W.), ni kilio cha mtoto mchanga. Mama aliamka kumnyonyesha, akasimama, akaanguka. Kichwa kilimuuma na miguu haikuwa na nguvu. Alitambaa hadi mlangoni akausukuma. Wale ndugu wawili walitolewa nje wakiwa hawajitambui, wakapelekwa hospitali. Alhamdulillah, wamepona na tunao darasani. Lakini tujiulize, kama mtoto yule angelala fofofo usiku ule, leo tungekuwa tunaandika nini?

Wengi wetu tunaamini kuwa kinachoua ni moshi. Si hivyo tu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu hushindwa kupeleka oksijeni mwilini. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito humchukua. Jiko lisilo na moshi ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu halimwonyi mtu.

Wapo watakaosema, "Mbona babu zetu walilala na moto miaka yote?" Ni kweli. Lakini nyumba ya babu iliezekwa kwa nyasi na kuta zake zilikuwa na nyufa, hewa ikiingia na kutoka. Hata hivyo macho na vifua vyao viliumia. Leo tunalala katika chumba cha tofali na saruji, chenye dari na dirisha la vioo, na kila tundu tumeliziba. Moto ni uleule, lakini nyumba imebadilika.

Na katika jambo hili hatukuachwa bila mwongozo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja katika mji wa Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari, aliueleza moto kuwa ni adui yetu, na akaamrisha tuuzime tunapotaka kulala. Amri hii ina zaidi ya miaka 1,400, nasi bado tunalala na jiko chini ya kitanda!

Ikitokea mtu amekutwa katika hali hiyo, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali mara moja ili apewe oksijeni. Tusipoteze muda kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii katika damu, na asiyejitambua anaweza kupaliwa nayo akafa.

KUTETEMEKA SI DALILI YA IMANI

Sasa tuwageukie wale wa kosa la kwanza. Huwasikia wakisema kuwa mwanafunzi wa dini hapaswi kudekezwa, na kwamba kutia udhu kwa maji ya baridi kali kuna thawabu nyingi. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amesifu kuukamilisha udhu wakati wa taabu. Lakini sifa hiyo ni ya yule aliyekutwa na taabu akaukamilisha udhu wake bila ya kuupunguza. Hatujaamrishwa kuimwaga birika ya maji ya moto ili tuitafute taabu.

Tutazame kisa cha Amr bin Al-Aas (R.A.), alichokipokea Abu Daud. Katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, aliamka na janaba usiku wa baridi kali. Alihofia kuwa akioga ataangamia, basi akatayamamu na akawasalisha wenzake Sala ya Alfajiri. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza, alijitetea kwa aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayokataza watu kujiua. Mtume (S.A.W.) alicheka, wala hakumlaumu. Lakini kisa hiki kisiwe kisingizio cha uvivu. Amr alikuwa safarini, akiwa na hofu ya kweli. Mwenye kuni na sufuria nyumbani kwake na achemshe maji.

Vilevile imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba usiku wa baridi au mvua, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha muadhini awatangazie watu wasali majumbani kwao. Na katika kupangusa juu ya khuffu, yaani viatu vya ngozi vinavyofunika miguu, mkazi amepewa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu na usiku zake, madhali alizivaa akiwa na udhu kamili. Kuhusu soksi za kitambaa wanavyuoni wana masharti yao, hivyo kila mmoja amuulize ustadhi wake. Je, dini iliyotupa ruhusa hizi zote itapendezwa na mtoto wa miaka saba anayesoma huku meno yakigongana?

NAMNA YA KUPATA JOTO

Nguo haitengenezi joto. Joto linatoka katika mwili wetu wenyewe, na kazi ya nguo ni kulizuia lisipotee, kwa kushika hewa iliyotulia karibu na ngozi. Kwa hiyo nguo mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda nguo moja nzito, kwa kuwa kati yake kuna hewa. Fulana, kisha sweta, kisha kanzu, na mtoto atasoma vizuri.

Jambo la pili ni ukavu. Maji huchukua joto la mwili haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Kanzu ya pamba iliyolowa umande hushindwa kutia joto vizuri, ilhali sweta ya sufi huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Basi mwanafunzi apandishe kanzu yake anapopita majanini, na katika mkoba aweke soksi kavu za kubadili akifika. Akioga asubuhi, akaushe nywele kabla ya kutoka. Juzuu na daftari azifunge vizuri zisilowe.

Tatu, baridi ya sakafu. Saruji hunyonya joto la aliyekaa juu yake, na mkeka mmoja hautoshi. Maboksi yaliyokunjuliwa yakitandikwa chini ya mkeka huleta tofauti kubwa, nayo maduka huyatupa kila siku.

Nne, kitandani. Anayelala chini atandike kwanza, kwa sababu blanketi mbili juu hazisaidii ikiwa chini hakuna kitu. Mtoto alale na soksi kavu na kofia. Ikiwa chumba ni cha baridi mno, familia ilale pamoja katika chumba kimoja, dirisha likiachwa wazi kidogo. Jiko libaki nje.

RAI YETU KWA MADRASA NA WAZAZI

Baada ya kuyaeleza hayo, tunaomba kwa heshima mambo manne. Hatuyaombi kwa kuwalaumu walimu wetu, ambao nao wanatetemeka pamoja nasi.

Kwanza, kuanzia Juni hadi Agosti darasa la baada ya Alfajiri lisogezwe hadi jua litoke, na muda uliopungua ulipwe jioni. Pili, sweta ya rangi yoyote iruhusiwe. Tumewaona wenzetu wakivua sweta nyekundu mlangoni kwa kuogopa kuvunja sheria ya sare, kisha wakakaa saa mbili wakiwa na kanzu tupu. Sare imewekwa ili tufanane. Haikuwekwa ili tuugue.

Tatu, kila familia ilete kuni kidogo kila wiki, maji ya udhu yapashwe moto nje kwenye sufuria kubwa. Nne, liwekwe sanduku la masweta, soksi na makoti. Kila nyumba ina sweta iliyombana mtoto wake, na katika soko la mitumba zipo za bei nafuu. Tunaomba zigawiwe kwa siri kupitia kwa ustadhi. Yupo mwenzetu, mgeni kutoka Pwani, aliyefika bweni mwezi wa Juni akiwa na shuka moja. Alisema hana baridi, akalala na kanzu zake zote mbili. Hakuwa akisema uongo kwa kupenda. Aliona haya kuomba.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 5, Allah (S.W.) ametaja kuwa katika wanyama wa mifugo mna vya kututia joto, akaihesabu neema hiyo pamoja na chakula. Basi anayemvisha sweta mtoto wa mwenzake amempa sehemu ya neema hiyo, kama aliyemlisha.

Wanafunzi wenzetu, usiku wa leo kabla ya kulala, kila mmoja atazame jiko la nyumbani kwao liko wapi. Likiwa ndani, amwombe mama au baba kwa adabu litolewe. Wakiuliza kwa nini, wasomeeni ukurasa huu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atulinde sisi na familia zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na atuvushe salama katika kipupwe hiki. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.