Koti la Kuazima

Wewe usomaye kurasa hizi huenda hivi karibuni ukaandika barua ya kuomba kazi. Utataja masomo uliyosoma na alama ulizopata, kisha utaona tangazo ladai jambo moja zaidi: picha ya sura yako. Mimi nasema dai hilo ni baya, nalo lapasa kukomeshwa.

Ingia katika duka la mpiga picha mjini. Mara nyingi utakuta ukutani pametundikwa koti jeusi, na tai iliyofungwa tayari. Kijana aingiaye na shati lililochakaa huvikwa koti lile, huketishwa, huambiwa ainue kidevu. Baada ya dakika chache huvuliwa, akavikwa mwenzake aliye nyuma yake. (Nami nimelivaa koti la namna hiyo. Mikono yake ilinifunika vidole, lakini picha iliishia kifuani.) Simlaumu mpiga picha, maana hiyo ndiyo riziki yake. Namlaumu mwajiri aitazamaye picha ile akadhani amemwona mtu.

Udhaifu huu wa macho yetu umepimwa. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za sura ngeni kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Muda huo uliwatosha kuamua nani mwaminifu na nani hodari. Walipoongezewa muda hukumu zao hazikubadilika sana. Kilichozidi ni kuziamini tu. Mwaka 2014 Todorov na mwenzake walionyesha kuwa picha mbalimbali za mtu yule yule huzaa hukumu mbalimbali. Basi mtu mmoja aweza kuwa mwaminifu katika picha ya asubuhi na laghai katika picha ya jioni!

Wapo watakaonijibu kwamba mwajiri atamwona mwombaji siku ya mahojiano hata hivyo. Naam, atamwona, lakini siku hiyo mwombaji ana ulimi wa kujitetea. Picha haina ulimi. Aliyeachwa kwa sababu ya picha haitwi, wala haambiwi kosa lake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mwombaji kazi kwa rangi, jinsia, asili, dini au ulemavu. Mengi ya hayo huonekana katika picha, na asiyeitwa atathibitishaje kwamba ndiyo yaliyomponza?

Mwajiri ahitajiye picha na aiombe siku ya kutengeneza kitambulisho, mtu akiwa amekwisha kupata kazi. Nawe, ikiwa siku moja utaketi katika kiti cha kuajiri, na barua zikaletwa mezani pako na picha zimebandikwa, mwambie karani azibandue kwanza, ndipo uanze kusoma.