Mwenye filamu ni nani?

Ndugu mwandishi, sikubali kwamba filamu za kutafsiriwa zinaua kazi ya msanii. Waliokulia vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mitaani, wanajua: mkanda uleule wa kigeni, akiusimulia mtafsiri Lufufu kwa Kiswahili, uligeuka kitu kingine kabisa. Steringi hajafungua kinywa, mtafsiri keshatwambia anachowaza; adui akijitokeza tu uchochoroni, tunaambiwa huyu hafiki mbali. Akianguka, kibanda kizima kelele! Sasa hadithi hapo ni ya nani? Mhakiki Mfaransa Roland Barthes aliandika mwaka 1967 kwamba maana hukamilika kwa msomaji, si kwa mwandishi. Sawa, lakini hakumwona mtu wa tatu, mwenye kipaza sauti, anayetuamulia nani achekwe. Huyo ndiye ungemhoji, hasa anapowafikia wahusika wa kike.