Chumba kipya: sakafu isawazishwe kwanza, vigae baadaye

Mtoto akizaliwa au bibi akihamia mjini, familia nyingi huongeza chumba nyuma ya nyumba. Haraka yote huwa kwenye vigae, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Lakini kigae hakifichi mabonde ya sakafu.

Penye bonde, nafasi tupu hubaki chini ya kigae. Kikigongwa hulia kama debe, na mguu wa kitanda ukikikandamiza hupasuka. Ukingo ulioinuka milimita chache tu humkwaza mtoto anayejifunza kutembea, na mzee anayeburuta miguu.

Kupima si kazi ngumu. Rula ya fundi yenye urefu wa mita 2 hulazwa sakafuni, ikageuzwa pande zote. Panapoonekana mwanya chini yake hutiwa alama kwa chaki. Vinundu huchongwa. Mabonde hujazwa saruji na mchanga, ndoo 1 kwa 4, baada ya sakafu kufagiwa, kuloweshwa na kupakwa uji wa saruji ili tabaka jipya lishike. Kisha humwagiliwa maji kwa siku 7. Bafuni sakafu isilale sawa kabisa: iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, la sivyo maji yatatuama na watu watateleza.

Mzazi aangalie pia pale sakafu ya zamani inapokutana na mpya. Ufa unaozidi kupanuka huashiria kuwa kifusi hakikushindiliwa vizuri. Hapo kusawazisha juu juu ni kupoteza pesa.

Wakati wa kazi, watoto wakae mbali. Saruji mbichi huunguza ngozi, na mara nyingi maumivu huchelewa. Mtoto akiikanyaga, avuliwe viatu na soksi, aoshwe kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni, lisafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya haraka.

Vumbi la kuchonga zege huumiza mapafu, na mwenye pumu huweza kubanwa. Fundi anyunyize maji na avae barakoa. Mlango wa kuingia ndani ufungwe.

Rula ipitishwe tena sakafu ikikauka, mzazi akiwapo, kabla boksi la kwanza la vigae halijafunguliwa.