Sheria ya mazingira imbane na mwenye ofisi

Mkulima akilima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto amevunja sheria, na akikamatwa hulipa faini. Hilo halina mjadala. Swali ni je, kiongozi asipotimiza wajibu aliopewa na sheria hiyo hiyo, nani anamkamata?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaja hizo mita 60, inataka pia Serikali itoe ripoti ya hali ya mazingira ya nchi kila baada ya miaka miwili. Ripoti ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2006. Ya pili ikawa ya mwaka 2014. Mkulima akichelewa kulipa deni la pembejeo hata msimu mmoja, huwa tunasikia kelele zake.

Kwa sisi wa Ufipa jambo hili si la watalii. Msitu wa Mbizi, ulio juu ya mji wa Sumbawanga, ndio unaotunza chemchemi na vijito tunavyovitegemea. Humo wanaishi pia mbega wekundu, ambao makazi yao yaliyobaki katika nchi yetu ni machache. Miti ikiisha, udongo wetu wenye rutuba unateremka na mvua hadi Ziwa Rukwa. Ziwa lile halina mto wa kulitoa maji, kwa hiyo tope linaloingia linabaki humo, na mchuuzi wa samaki anaumia pamoja na mwenye mahindi.

Jirani zetu wa Katavi, ambao tulikuwa nao mkoa mmoja hadi mwaka 2012, wameshaona matokeo. Maji ya Mto Katuma yamekuwa yakichepushwa kwenda mashamba ya mpunga kabla hayajafika hifadhini, na kiangazi viboko hurundikana kwenye matope. Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya bonde. Kwa nini basi lawama zote zimwangukie mwenye jembe, wakati aliyepaswa kukagua mifereji hakuulizwa?

Suala la mipaka nalo ni hivyo hivyo. Januari 2019 Rais John Magufuli alisitisha uondoaji wa vijiji vilivyokuwa vikidaiwa kuwa ndani ya hifadhi. Septemba mwaka huo Serikali ikatangaza kuwa vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro vibaki. Ulikuwa uamuzi wa huruma, lakini ulifichua udhaifu: mkono mmoja wa Serikali unasajili kijiji na kujenga shule, mwingine unakuja kudai ni hifadhi. Mwananchi anayelala bila kujua kama kesho atahamishwa hawezi kupanda miti.

Sisemi kwamba wakulima hatuna kosa. Tunachoma moto nyika kila kiangazi na kulima kwenye miteremko bila makinga maji. Wazee wetu walifukia nyasi kwenye matuta ya ntumba zikaoza zikawa mbolea. Sisi tunazichoma, kisha tunakopa fedha za kununua mbolea ya dukani.

Hata hivyo, fedha za kusimamia mambo haya tunazichangia. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 2. Mnunuzi ndiye anayeulipa, lakini mkulima anaubeba kwenye bei ya gunia. Ni haki yetu kujua ni kiasi gani kinarudi kulinda vyanzo vya maji.

Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Napendekeza ofisa mazingira wa halmashauri alete humo mambo matatu kwa maandishi: faini zilizokusanywa na zilivyotumika, miti iliyopandwa na iliyopona, na mipaka iliyowekewa alama. Naye diwani aulizwe hayo hayo kwenye baraza. Wafanyabiashara wa mazao nao wasikae pembeni, kwa sababu mahindi yakikosekana maghala yao yatabaki matupu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kama faini inamfaa anayelima mtoni, basi na anayekalia taarifa ofisini awajibishwe.