"Dawa ni dawa": neno la kudanganya

Jumamosi moja, baada ya mafundisho, nilimkuta mchuuzi wa nyama sokoni akikata ng'ombe aliyechinjwa alfajiri. Namfahamu mtu yule. Si mtu mbaya. Nilijua pia ya kuwa ng'ombe wake alikuwa mgonjwa, na ya kuwa siku ya Alhamisi alipigwa sindano. Nikamwuliza: "Bwana, siku za kungoja zimekwisha?" Akacheka. "Mwalimu, dawa ni dawa. Ikiponya ng'ombe, itaumizaje mtu?" Watu waliosimama pale wakacheka pamoja naye, wakanunua.

Ndugu wasomaji, neno hilo nalikataa, nanyi nawaomba mlikatae.

Kila dawa ya kuponya nyama wa kufugwa ina siku zake za kungoja. Katika siku hizo dawa ingali mwilini, na kwa hiyo nyama isiliwe na maziwa yasinywewe. Siku hizo zimeandikwa katika karatasi ya chupa. Mwenye kuchinja kabla ya siku hizo huwalisha wenzake dawa wasiyoiomba. Mmoja atavimba au kuwashwa mwili bila kujua sababu. Tena wadudu wa magonjwa, wakizoea dawa ndogondogo kila siku, hujifunza kuishinda. Na siku mtoto wetu atakapougua kweli, dawa ile haitamfaa tena.

Lakini leo sitaki kumsema mchuuzi huyu peke yake. Neno lake lilikwisha kusemwa na watu wenye mali nyingi kuliko yeye, na mwisho wake ulikuwa damu. Tutazame Ubelgiji, nchi ambayo sisi Wakongo twaijua kuliko nchi nyingine za Ulaya.

Tangu mwaka 1988 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza kuwapa ng'ombe homoni za kuwanenepesha. Homoni ni maji ya nguvu ambayo mwili wenyewe huyatengeneza ili kukua na kuzaa; watu wamejua kuyatengeneza viwandani pia. Ndama akipigwa sindano hizo hukua upesi, nyama yake nyekundu huongezeka, mafuta hupungua, na mwenyewe hupata faida. Basi, sheria ilipokataza, wengine hawakuacha; walijificha tu. Walichanganya dawa nyingi katika sindano moja, kila moja kidogo sana, ili isionekane upesi katika kupima. Wabelgiji wenyewe waliwaita watu hao mafia ya homoni.

Karel Van Noppen alikuwa daktari wa nyama, mkaguzi wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuingia mazizini na machinjioni na kuwatafuta hao wenye sindano. Alitishwa, naye hakuacha. Tarehe 20 Februari 1995 alipigwa risasi akafa, karibu na nyumba yake huko Wechelderzande, katika jimbo la Antwerpen. Miaka saba ikapita kabla ya hukumu: mwaka 2002 baraza la Antwerpen likawaona watu wanne kuwa na hatia ya mauaji yake.

Tufikiri vizuri. Mtu aliuawa kwa ajili ya nini? Si kwa dhahabu, wala si kwa almasi. Aliuawa kwa sababu alitaka kujua kilichomo ndani ya nyama ya ng'ombe. Kama "dawa ni dawa" na haina neno, kwa nini wenye nayo waliificha hata kumwaga damu?

Wako watakaonijibu: "Mbona Marekani huruhusu homoni kwa ng'ombe?" Ni kweli, baadhi huruhusiwa kule, kwa kipimo kilichoandikwa, na kila mtu aweza kujua. Wenye elimu wa Ulaya na wa Marekani wamebishana sana juu ya jambo hilo. Lakini ubishi wao haumfai hata kidogo mtu wa sindano ya usiku. Yeye hana kipimo kilichoandikwa. Huchanganya apendavyo, huchinja apendapo, kisha huuza kana kwamba ni nyama safi. Huo si ubishi wa elimu. Huo ni uwongo na wizi.

Wengine husema tena: "Lakini hizo ni dawa za hospitali." Naam, na hapo ndipo hila ilipo. Tazameni dawa iitwayo klenbuteroli. Ni dawa njema: farasi akishindwa kupumua vizuri, daktari humpa, naye hupata nafuu. Lakini ng'ombe akilishwa nyingi kwa siku nyingi, hupunguza mafuta na kuongeza nyama. Nayo hukusanyika katika ini. Mwaka 1990, huko Hispania, watu 135 waliugua kwa kula maini ya ng'ombe yenye dawa hiyo. Mwaka ule ule watu 22 waliugua Ufaransa. Moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, kichwa kikauma. Walikuwa watu wa nyumbani tu, waliokaa mezani kula chakula chao. Dawa ile ile humponya farasi na kumwumiza mla ini. Basi tusiulize tu, "Je, ni dawa?" Tuulize: nani kaitoa, kwa ugonjwa gani, kiasi gani, na lini?

Wako pia wenye udhuru wa tatu: "Nilimpa zamani, sasa ni safi." Huo ulisikika mwaka 2013 huko Newmarket, Uingereza, katika mazizi ya Godolphin, ambayo ni mali ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed. Tarehe 9 Aprili wakaguzi walipima farasi 45. Katika hao, 11 walionekana na steroidi, yaani dawa za jamii ya homoni zinazojenga misuli. Mfunzi wao, Mahmood Al Zarooni, alieleza ya kuwa farasi hao hawakuwa katika mashindano wakati ule, kwa hiyo hakujua kwamba anavunja sheria. Baraza la mbio lilimfungia kazi hiyo miaka minane.

Mwaona udhuru huo ulivyo dhaifu? Dawa hutoka mwilini, lakini msuli uliojengwa nayo hubaki. Farasi atasimama siku ya mbio na mkojo safi, na nguvu zake si zake. Ndiyo maana wakaguzi wenye akili hawangoji siku ya mbio wala siku ya kuchinja. Huja zizini bila kupiga hodi mapema.

Nao wana vyombo vya kutosha. Huchukua mkojo na damu. Machinjioni huchukua ini, na hutafuta mahali sindano ilipochoma nyama. Klenbuteroli hukaa muda mrefu katika manyoya meusi na ndani ya jicho, hata ikiwa mkojo hauna kitu. Katika maabara ziko mashine za kutenganisha chembe na kuzipima uzito, zenye kuona kitu kidogo kuliko punje ya chumvi katika pipa la maji. Hata mshtakiwa hutendewa haki: kipimo hugawanywa sehemu mbili, na ya pili hufungwa kwa muhuri, apate kuomba ipimwe tena.

Lakini mashine haiendi zizini kwa miguu yake. Haigongi mlango. Haikatai bahasha ya fedha. Lazima awepo mtu. Mtu huyo akinunuliwa, mashine ya mamilioni itapima mkojo wa ng'ombe mwingine. Akitishwa, nasi tukinyamaza, atabaki peke yake barabarani kama Van Noppen. Huo ndio upungufu tulio nao: si wa vyombo, bali wa watu wasiouzika, na wa walaji wenye kusimama nyuma yao.

Najua mtasema: "Mkaguzi ni adui wa maskini, hutafuta makosa apate kula." Wako wa namna hiyo, siwatetei. Mkaguzi anayepiga muhuri nyama asiyoitazama ni mwenzi wa mwizi. Lakini dawa ya mkaguzi mbaya si kukosa mkaguzi. Tajiri aweza kuchagua nyama yake. Maskini hula inayopatikana. Pasipo ukaguzi, nani atakayekula ini lile la bei nafuu?

Basi tufanye nini? Mwenye mifugo aandike siku ya sindano na jina la dawa, na aihesabu siku ya kuchinja kuanzia hapo. Mnunuzi aulize bila haya: "Alipigwa sindano lini? Nani aliyemtazama?" Muuzaji asiye na jibu tumwachie nyama yake. Na mkaguzi mwaminifu akitukanwa sokoni, tusicheke pamoja na wanaomtukana.

Nasema hayo nikijua kosa langu. Jumamosi ile sikununua nyama. Lakini watu walipocheka, nami nilitabasamu kidogo, nikaenda zangu. Sikuwaambia wale akina mama waliokuwa wakifungua vitambaa vyao vya fedha. Nilijua siku ya sindano, nao hawakuijua. Nimerudi kwa mchuuzi yule nikamwambia mbele ya watu niliyopaswa kusema siku ile. Alikasirika. Lakini mama mmoja alirudisha kipande chake mezani, akamwuliza: "Huyu naye alichomwa lini?"