NJIA ZA MIGUU ZA USAMBARA ZISIACHWE ZIKAFA

Maji yanywewayo mjini Tanga hutoka katika mto Zigi, nao mto huo hupata maji yake katika misitu ya Usambara Mashariki. Ni jambo rahisi kuliandika ubaoni na kulikariri. Lakini ni wanafunzi wangapi, na ni walimu wangapi, waliokwisha kupanda kwa miguu kutoka Zigi hadi Amani wakayaona maji hayo yakitiririka chini ya miti?

Kutoka pwani hadi chini ya milima hiyo ni safari fupi ya basi kupitia Muheza. Hata hivyo, njia zake za miguu hujulikana zaidi kwa wageni kuliko kwa wenyeji. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la rangi ya urujuani. Leo ua hilo hupandwa vyunguni katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, wakati mtoto wa Muheza aweza kumaliza shule asilijue. Bustani ya miti ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902, na msitu uliofanywa hifadhi mwaka 1997, ni darasa lisilohitaji kujengwa. Lililopungua ni wanafunzi tu.

Wapo watakaosema kwamba kutembea milimani ni anasa ya watu wenye nafasi. Hiyo si kweli. Njia hizo zilikanyagwa kwanza na Wasambaa na Wabondei waendao mashambani, sokoni na kwa ndugu zao. Zaidi ya hayo, njia ipitwayo na watu wema ni jicho la msitu. Wachimbaji wa dhahabu walipofurika Sakale mwaka 2003 na 2004, waliotaabika si watu wa milimani peke yao, kwani tope la juu hushuka hadi kwa mnywaji wa chini. Mwenye msumeno na mwenye sururu hupenda mahali pasipopitwa na mtu.

Kwa hiyo hapana budi kila mhusika atimize wajibu wake. Maofisa wa misitu wahakikishe kwamba njia zinafyekwa, madaraja ya magogo yanatengenezwa kabla ya masika, na vibao vinaandikwa kwa Kiswahili. Waongoza wageni wawe vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, na malipo yote yakatiwe stakabadhi. Sehemu ya fedha inayostahili vijiji ifike vijijini, isomwe mbele ya mkutano wa wanakijiji. Mkulima anayekatazwa kukata mti bila kuona faida yoyote hawezi kulaumiwa akiuona msitu kuwa ni mali ya watu wengine.

Nao walimu wasingoje waraka kutoka juu. Siku moja ya matembezi kwa mwaka, watoto wakiufuata mto kutoka msituni, na siku nyingine wakautazama huko Amboni ukielekea baharini, itawafundisha jiografia, sayansi na uraia kwa pamoja.

Wahenga walisema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Atembeaye Usambara hatembei bure, maana anakwenda kukijua kisima chake. Na kisima kisichojulikana na wanywaji wake hakina wa kukilinda.