Shilingi Moja kwa Nani? Neno kwa Wapenda Haki wa Thika na Ruiru



Msafiri atokaye Nairobi kwa ile barabara kuu iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012 hupita Ruiru, hupita Juja, na akifika Thika hukuta njia mbili mbele yake. Moja yaelekea kaskazini, Murang'a na Nyeri. Ya pili yashika mashariki, yapita Matuu na Mwingi, na baada ya zaidi ya kilomita 300 humfikisha Garissa. Takwimu za sensa ya mwaka 2019 zilionyesha vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi katika kila kaunti. Nyeri ilikuwa na vifo 67 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, idadi ndogo kuliko zote nchini. Garissa ilikuwa na vifo 641, idadi kubwa kuliko zote. Njia zote mbili zaanzia hapa petu. Anayejifungulia mwisho wa njia ya pili yumo katika hatari inayozidi mara tisa ile ya mwenzake wa njia ya kwanza.

Twaanza na hesabu hiyo kwa sababu kuna wimbo unaoimbwa katika miji yetu: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Ulivuma mwaka 2020, Seneti ilipokwama hadi Septemba ikizozania kanuni ya kugawa fedha za kaunti. Ukafufuliwa katika mkutano wa Limuru mwezi Mei 2024. Wanaouimba ni ndugu zetu, na wako waumini wanaouitikia kwa "Amina". Kwa heshima zote, sisi twasema wimbo huo una ubeti mmoja wa haki na mwingine wa ubinafsi.

Ubeti wa haki ni ule wa kura. Watu walifungwa, walipigwa na kukimbilia uhamishoni ili kura ya mnyonge ilingane na ya tajiri, na hatutarudi nyuma. Lakini shilingi ya umma si kura. Kura ni sauti, na sauti za watu wote ni sawa. Shilingi ya umma ni dawa, nayo dawa hupewa mgonjwa kwa kadiri ya ugonjwa wake. Ni muuguzi gani awezaye kuingia wodini na kugawa chupa za damu sawa kwa sawa, mwenye mafua na mama anayevuja damu wakapata fungu lile lile?

Tena tusijidanganye kwamba pengo hili ni kazi ya Mungu, au uvivu wa waishio nyikani. Liliandikwa kwa kalamu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapoleta mazao mengi zaidi: kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, barabara na umeme. Kwa maneno mengine, aliyekuwa nacho aliongezewa. Waliosalia waliahidiwa kwamba faida ingewafikia baadaye. Utafiti wa hali ya kaya wa mwaka 2015/16 uliwakuta Turkana maskini wakiwa asilimia 79.4 ya watu wote, huku Nairobi wakiwa asilimia 16.7. Hiyo ndiyo faida waliyoisubiri kwa miaka hamsini.

Watatujibu: "Sisi ndio tunaolipa kodi." Na tuitazame kodi hiyo. Kiwanda cha Thika kikitengeneza mafuta ya kupikia, na mama wa Garissa akayanunua, ushuru wa VAT umo ndani ya bei aliyolipa yeye. Lakini fedha huhesabiwa pale penye afisi ya kampuni, wala si pale penye jiko la mnunuzi. Barabara yenyewe tunayojivunia ilijengwa kwa mikopo, na deni la taifa halimbagui mfugaji. Huyo tunayemwita mzigo ni mteja wetu na mlipaji wa madeni yetu.

Watasema pia kwamba fedha zikipelekwa huko huliwa na viongozi wao. Ni kweli ziko zilizoliwa. Lakini sisi wa Kiambu tunyamaze kidogo hapo, kwani gavana wetu aliondolewa madarakani na Seneti mwezi Januari 2020. Wizi haujui ukame wala mvua. Dawa yake ni ukaguzi na mahakama, kila mahali, bila kumnyima mgonjwa dawa kwa kosa la mwizi.

Na je, Thika na Ruiru zimenufaika kwa kukosekana usawa? Mwaka 2009 Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282. Mwaka 2019 walikuwa 2,417,735. Karibu watu 800,000 waliongezeka kwa miaka kumi. Wengi wao hawakuzaliwa hapa. Walifuata kazi na hospitali zisizokuwepo kwao, au walisukumwa na kodi za nyumba za Nairobi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuka majumba, lakini maji, mifereji ya majitaka na vitanda vya hospitali havikuongezeka kwa kasi hiyo. Penye ukosefu wa haki kule, pana msongamano hapa. Hizo ni pande mbili za sarafu moja.

Wala wastani wa kaunti usitupumbaze. Kando ya viwanda vya Thika kuna Kiandutu, ambako walalahoi wanaishi katika vibanda vya mabati wakitazama moshi wa utajiri usiowafikia. Mwaka 2025 madaktari wa kaunti hii waligoma kwa takriban miezi mitano. Siku hizo mwenye pesa alikwenda hospitali ya kibinafsi. Wa Kiandutu alikwenda wapi? Anayemsahau Garissa leo atamsahau Kiandutu kesho, kwa hoja ile ile kwamba hapalipi.

Basi twataka nini? Hatutoshelezwi na malalamiko. Tunaweka madai manne mbele ya watawala na mbele ya makanisa.

La kwanza, fedha zimfuate mgonjwa. Hospitali ya Level 5 ya Thika huwatibu watu wa Murang'a na Machakos pamoja na wenyeji. Kwa sababu ya kazi ya namna hiyo, hospitali kuu za kimaeneo zilikuwa na ruzuku yao maalumu, isiyoweza kutumiwa kwa jambo lingine. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo iliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti, nao mgao huo ukafika shilingi bilioni 370. Tangu hapo hospitali hugombea fedha mezani pamoja na barabara na mishahara, huku wagonjwa wa kaunti jirani wasio na kura hapa wakiendelea kuwasili. Ruzuku hiyo irudishwe, na ihesabiwe kwa wagonjwa waliotibiwa, popote walipotoka. Dai hili litaifaa Thika. Litaifaa pia Garissa, ambayo hospitali yake ilikuwa katika orodha ile ile.

La pili, nafuu ya kodi ipimwe kwa uhitaji. Kwa miaka mingi, hadi mageuzi ya mwaka 2020, sheria ilimpa mwekezaji mkubwa punguzo la asilimia 150 ya gharama za kiwanda akijenga nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nia ilikuwa kuvipeleka viwanda mbali. Lakini Ruiru, inayopakana na Nairobi, ilihesabiwa kuwa "nje" sawasawa na Wajir. Ni mwekezaji gani angevuka Mto Tana ilhali angeweza kuvuka mpaka wa jiji tu akapata zawadi ile ile? Na sheria ya mwaka 2015 ya maeneo maalumu ya kiuchumi yatoza faida asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na 15 kwa kumi inayofuata, badala ya 30 ya kawaida. Eneo la namna hiyo liko hapa Ruiru, Tatu City. Hatukatai kazi kwa vijana wetu. Twasema nafuu iwe na ngazi: ndogo kando ya Nairobi, kubwa Mwingi, kubwa zaidi Garissa na Lodwar, na itolewe kwa kuhesabu watu walioajiriwa, si saruji iliyomwagwa.

La tatu, Hazina ya Usawazishaji ilipwe. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kilitenga nusu asilimia ya mapato ya taifa, yaani shilingi moja katika kila 200, kwa maji, barabara, zahanati na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Muda wake ni miaka ishirini, nao waelekea ukingoni mwaka 2030. Ni sehemu ndogo tu ya stahili hiyo iliyokwisha kutolewa. Hesabu zafanywa kwa vitabu vya zamani vilivyokaguliwa, na hata hicho kidogo hucheleweshwa. Katiba yenyewe imeliruhusu Bunge kuongeza muda. Bunge liongeze, na kwanza deni lilipwe.

La nne, wahudumu wa afya. Zahanati bila muuguzi ni ghala la mabati. Vijana wa kaunti kame wasomeshwe uuguzi na ukunga kwa gharama ya taifa, wahudumu walikozaliwa, walipwe posho ya mazingira magumu kwa wakati, wapewe nyumba na ulinzi.

Ndugu zetu wa makanisa, ninyi mlisimama wakati kusimama kulikuwa hatari. Mnaifahamu habari ya Lazaro aliyelala mlangoni pa tajiri. Tajiri yule hakushtakiwa kwa kumpiga Lazaro. Kosa lake ni kwamba alimpita kila siku. Sisi tunaoishi njia panda tunawaona Lazaro wetu wakishuka kwenye mabasi ya Garissa, na kadi za kliniki mikononi.

Uchaguzi mkuu umewekwa kuwa mwezi Agosti 2027. Mwombaji kura akija Thika au Ruiru na wimbo wa shilingi moja, msimzomee. Mkaribisheni katika ukumbi wa kanisa, mpeni kiti, kisha mwulizeni mbele ya watu: ruzuku ya hospitali utairudisha? Nafuu ya kodi utaipa ngazi? Hazina utailipa? Muuguzi utamwajiri? Majibu yaandikwe na kubandikwa mlangoni, mkutano wa bajeti ya kaunti uitishwe nayo mikononi, na asiyekuwa na jibu asipewe kura. Huo ndio uzito wa kura moja, na waliotupigania hadi tukaipata hawakutupa ili tuwafungie wengine mlango.